Kusafiri na Kutuama: Historia ya Kutengeneza Kompositi za Kauri Zenye Fumwele kwa Umeme na Funzo Lake kwa Uundaji wa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya mbinu inayotumia umeme kujaza chembe za kauri ndani ya vitambaa vya fumwele, tangu jaribio la Ferdinand Friedrich Reuss mjini Moscow mwaka 1808 hadi kazi za watafiti wa Birmingham katika miaka ya 1990. Hoja kuu ni kwamba mbinu hii ina hatua mbili, yaani kusafiri kwa chembe na kutuama kwake, na kwamba hatua hizo zilieleweka katika vipindi tofauti na kwa mahitaji tofauti. Istilahi inayozichanganya hatua hizo, au inayoazimwa kutoka katika mbinu jirani, huificha historia na kumpotosha anayejifunza. Kwa kuzingatia mifano minne ya istilahi, makala yanapendekeza kwamba historia ya dhana itangulie uteuzi wa jina lake, na kwamba kila istilahi ijaribiwe ndani ya maandishi kamili kabla ya kuidhinishwa.

1. Utangulizi

Miaka michache iliyopita nilishiriki katika kikao cha istilahi ambamo wataalamu wa lugha na wahandisi walikuwa wakipitia orodha ya maneno ya sayansi ya matiriali. Ilipofikiwa mbinu ya kujenga tabaka la kauri kwa umeme, mjumbe mmoja alipendekeza iitwe uchovyaji kwa umeme. Pendekezo lilivutia, maana mkufu wa kuchovya unajulikana na kila mtu, na neno lenyewe ni la Kiswahili asilia. Lilipita bila mjadala. Mhandisi mmoja alisema tu, "Si hivyo hasa," lakini muda ulikuwa umekwisha. Hakupewa nafasi ya kueleza, nami sikumwomba aeleze.

Baadaye nilipoisoma historia ya mbinu hiyo nilibaini kwamba mhandisi yule alikuwa na haki. Mkufu unapochovywa dhahabu kwa umeme, kinachosafiri ndani ya kiowevu ni ayoni za dhahabu iliyoyeyushwa, ambazo hupokea elektroni kwenye mkufu na kurudi kuwa metali. Katika mbinu tunayoizungumzia hakuna kinachoyeyushwa. Kinachosafiri ni chembe nzima ya kauri, ndogo sana lakini kamili, nayo hufika kwenye elektrodi ikiwa vilevile kama ilivyoondoka. Tofauti hiyo ndiyo iliyoiwezesha mbinu kutumika kwa kauri, dutu ambazo kwa kawaida haziyeyuki katika maji wala hazitandazwi kama dhahabu. Kwa kuliita jambo hili uchovyaji tulikuwa tumelifuta jambo lenyewe.

Makala haya ni jaribio la kulipa deni la kikao kile. Sehemu ya pili hadi ya tano zinaeleza historia, ya sita inarejea kwenye istilahi, na ya saba inatoa mapendekezo kwa wanaoshughulikia sera ya lugha.

2. Udongo unaosafiri: Moscow, 1808

Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alitangaza kifaa chake cha kutoa umeme mfululizo. Katika miaka iliyofuata wanakemia wa Ulaya walipeleka umeme huo katika kila dutu waliyoweza kuipata. Mmoja wao alikuwa Reuss, mwanakemia mzaliwa wa Ujerumani aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Moscow.

Reuss alichukua udongo wa mfinyanzi uliolowa, akasimika mirija miwili ya kioo, akaweka mchanga safi chini ya kila mrija na kujaza maji. Katika kila mrija alitumbukiza ncha moja ya waya wa umeme. Aliona mambo mawili. Katika mrija wenye ncha chanya maji yalianza kuchafuka, kwani chembe za udongo zilikuwa zikipenya mchanga na kupanda kuelekea kwenye ncha ile. Katika mrija wenye ncha hasi maji yalibaki maangavu, lakini kiwango chake kilipanda. Kwa maneno mengine, umeme uliyahamisha maji upande mmoja na udongo upande mwingine.

Mtambo huo haukuwa na kitu kigeni kwa mfinyanzi yeyote, ila waya. Malighafi yake ilikuwa ileile ya chungu na mtungi. Hata hivyo, Reuss alishuhudia mwendo tu. Hakujenga kitu kutokana na udongo uliosafiri, na nadharia ya zama zake haikuweza kueleza kwa nini ulisafiri.

Maelezo yalikuja polepole. Mwaka 1879 Hermann von Helmholtz aliweka msingi wa nadharia ya tabaka pacha la chaji: kitu kigumu kikiwa ndani ya kiowevu hujipatia chaji kwenye uso wake, na chaji za kinyume ndani ya kiowevu hukizunguka. Mwaka 1903 Marian Smoluchowski aliieleza kasi ya chembe kwa mlinganyo. Kasi huongezeka kadiri uga wa umeme unavyokuwa na nguvu na kadiri chaji ya usoni inavyokuwa kubwa, na hupungua kadiri mnato wa kiowevu unavyozidi. Jambo la kuzingatia ni kwamba, katika hali ambazo mlinganyo huo unatumika, ukubwa wa chembe hauamui kasi yake. Chembe kubwa na ndogo zenye uso wa aina moja huweza kusafiri pamoja, jambo ambalo baadaye lingekuwa na faida kubwa kwa watengenezaji wa kauri.

3. Kutoka kusafiri hadi kutuama

Karne nzima ilipita kabla ya mwendo huo kufanywa kuwa mbinu ya kutengenezea vitu. Katika miaka ya 1920 viwanda vilianza kuutumia kukusanya mpira kutoka katika utomvu wake. Mwaka 1933 Harsanyi alipata hataza nchini Marekani ya kufunika kathodi ya platini kwa chembe za thoria, kwa ajili ya mirija ya elektroni iliyotumika zama hizo. Hapa kauri iliingia katika historia yetu kwa mara ya kwanza ikiwa bidhaa iliyokusudiwa.

Haikuwa bahati kwamba hatua ya pili ya nadharia nayo ilitoka katika maabara ya kampuni iliyotengeneza mirija ya namna hiyo, yaani Philips ya Eindhoven, Uholanzi. Mwaka 1940 H. C. Hamaker alichapisha uchunguzi kuhusu namna tabaka linavyojengeka. Alionyesha kwamba uzito wa tabaka hulingana na wingi wa chembe katika kiowevu, wepesi wake wa kusafiri, nguvu ya uga wa umeme, eneo la elektrodi na muda. Fundi akijua mambo hayo matano anaweza kupanga unene wa tabaka kabla hajawasha umeme.

Mwaka huohuo Hamaker na mwenzake Verwey waliuliza swali ambalo kwa msomaji wa Kiswahili lina uzito wa pekee: chembe zikishafika kwenye elektrodi, kwa nini zishikamane? Jibu lao lilikuwa kwamba kazi kubwa ya umeme ni kuzisogeza na kuzisukuma chembe pamoja, na kwamba kushikamana kwake kunafanana na kule kwa mashapo chini ya chombo. Kinachofanywa na uzito katika maji yaliyotulia, umeme unakifanya kwenye uso wa elektrodi. Kwa hiyo, tangu 1940, mbinu hii ilikuwa na maelezo ya hatua mbili zilizotenganishwa waziwazi: chembe husafiri, kisha hutuama.

Baada ya hapo mbinu ilihama kutoka fani hadi fani. Mapema katika miaka ya 1960 kampuni ya Ford iliitumia kanuni hiyo kupaka rangi ya msingi kwenye magari, kwa kutumbukiza bodi nzima katika birika la rangi na kuifanya elektrodi. Katika miaka ya 1970 watafiti waliitumia kutengeneza mirija ya kauri aina ya alumina-beta kwa ajili ya betri za sodiamu na salfa. Kila fani iliyoipokea haikuichukua bidhaa ya fani iliyotangulia, bali ilichukua maelezo yake.

4. Kauri na ufa

Wakati huohuo historia nyingine ilikuwa ikienda sambamba. Kauri huvumilia joto linaloyeyusha metali nyingi, haishiki kutu, na ni ngumu. Udhaifu wake unajulikana na kila aliyewahi kuangusha sahani: haipindi, huvunjika ghafla.

Mwaka 1921 A. A. Griffith, aliyefanya kazi Farnborough nchini Uingereza, alieleza chanzo cha udhaifu huo kwa kutumia kioo. Nguvu ya kioo, alisema, inatawaliwa na nyufa ndogo zilizomo ndani yake, kwani ufa ukifikia urefu fulani hujiendeleza wenyewe. Aliona pia kwamba uzi wa kioo una nguvu zaidi kadiri unavyokuwa mwembamba, kwa sababu mwembamba hauna nafasi ya ufa mkubwa. Ugunduzi huo ulibeba wazo ambalo lingezaa matunda baadaye: dutu iliyo dhaifu ikiwa bonge inaweza kuwa imara ikiwa uzi.

Mwaka 1972 watafiti wa Harwell, Uingereza, akina Sambell, Bowen na Phillips, walichapisha matokeo ya kuunganisha fumwele za kaboni na kauri pamoja na kioo. Tatizo lilikuwa kwamba kaboni huungua ikikutana na hewa katika joto kali. Mwaka 1975 Seishi Yajima wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, na wenzake walieleza namna ya kupata fumwele za kabidi ya silikoni kutokana na polima. Fumwele hizo zilitengenezwa kibiashara na Nippon Carbon kwa jina la Nicalon. Sasa kulikuwa na fumwele ya kauri inayoweza kusokotwa na kufumwa kuwa kitambaa.

Msomaji atakumbuka zege na nondo, naye atakuwa amefika nusu ya njia. Nondo inatakiwa ishikane na zege barabara. Katika kompositi ya kauri mambo ni kinyume: fumwele ikishikamana mno na kauri inayoizunguka, ufa hupita katika vyote viwili kana kwamba ni dutu moja. Inatakiwa kuwe na udhaifu uliopimwa katika mpaka wa fumwele na kauri. Ufa ukifika hapo hukengeuka na kufuata mpaka, fumwele hubaki nzima ikivuka ufa kama daraja, na kuichomoa kunagharimu nishati. Kauri hupasuka kidogokidogo badala ya kuvunjika ghafla, na anayeitumia hupata onyo.

5. Mikondo miwili inakutana

Ugumu uliobaki ulikuwa wa kuingiza kauri ndani ya kitambaa. Fumwele ya Nicalon ina kipenyo cha takriban mikrometa 15, nazo hufungwa mamia kwa mamia katika fungu moja. Kitambaa kikizamishwa katika uji wa kauri, sehemu za nje hujaa na za ndani hubaki na mapengo. Kujaza mapengo kwa gesi inayogeuka kuwa kauri kunaweza kuchukua wiki kadhaa, na kukandamiza katika joto kali hufaa zaidi maumbo sahili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, miongoni mwao Illston, Ponton, Marquis na Butler, waliirudia kanuni ya Reuss. Chembe za silika na alumina, ndogo kuliko mikrometa moja, zilisambazwa katika kiowevu. Ikiwa fumwele zinapitisha umeme, kama za kaboni au kabidi ya silikoni, kitambaa chenyewe hufanywa elektrodi, na chembe huvutwa hadi ndani ya mafungu. Ikiwa hazipitishi umeme, kama za alumina au muliti, kitambaa huwekwa mbele ya elektrodi, na chembe zinazoelekea huko hurundikana na kujaza kitambaa kuanzia nyuma kuja mbele. Kazi hiyo huchukua dakika, kwa volti chache hadi makumi ya volti. Kisha kipande hukaushwa na kuchomwa, kama kichomwavyo chungu.

Mbinu ilikuwa na vikwazo vyake. Umeme ukipita katika maji huyatenganisha kuwa gesi, na viputo vikinaswa ndani ya tabaka huacha matundu. Wengine walipunguza volti, wengine walitumia ethanoli, ambayo ni ghali zaidi na hushika moto. Tabaka linapokauka husinyaa, nalo laweza kupasuka. Joto la kuchomea likizidi, fumwele huharibika. Faida ya chembe ndogo sana ilionekana hapa, kwa kuwa zinashikamana katika joto la chini zaidi.

Mwaka 1995 Boccaccini na Ponton walichapisha mapitio ya kazi hizo, na mwaka 2001 Boccaccini, Kaya na Chawla walitoa mapitio mapana zaidi. Mwaka 2002 watafiti wa fani mbalimbali zinazotumia mbinu hii walikutana Banff, Kanada, katika kongamano la kimataifa lililofuatiwa na mengine Italia mwaka 2005 na Japani mwaka 2008. Mtaalamu wa betri, wa mifupa bandia na wa kauri za injini waligundua kwamba walikuwa wakisema jambo moja.

Uaminifu unadai tuongeze kwamba mbinu hii haijatawala viwanda. Vipuri vya kompositi ya kauri katika injini za ndege aina ya LEAP, zilizoanza safari za kibiashara mwaka 2016, hutengenezwa kwa njia nyingine. Thamani ya historia hii haitokani na ushindi sokoni. Inatokana na namna kanuni moja ilivyoweza kuvuka mipaka ya fani kwa takriban karne mbili kwa sababu ilielezwa sawasawa.

6. Majina manne na mitego yake

Sasa tunaweza kurudi katika kikao cha istilahi tukiwa na kitu mkononi.

Jina la kwanza ni kauri. Kiswahili kinalitumia kwa simbi wa baharini na pia kwa vyombo vya udongo mweupe unaong'aa. Uhusiano huo si wa Kiswahili peke yake: jina la vyombo hivyo katika lugha kadhaa za Ulaya linatokana na neno la Kiitaliano la simbi huyohuyo. Mwambao wetu uliifahamu kauri ya China karne nyingi kabla ya Reuss, na makaburi ya nguzo kama yale ya Kunduchi yalipambwa kwa vyombo vyake. Neno lina mizizi ya kutosha na halihitaji mkopo mpya. Linahitaji fasili inayolipanua kutoka mezani hadi kwenye kabidi ya silikoni.

Jina la pili ni nyuzi. Katika orodha neno hili halina kasoro. Liweke ndani ya sentensi: "Nyuzi hizi huharibika zikipita nyuzi 1200." Kwa kuwa nyuzi ni vipimo vya joto pia, msomaji anajikwaa mahali ambapo kosa la kusoma ni kosa la tanuri. Ndiyo maana makala haya yametumia ufumwele, wingi wake fumwele. Hata hapo pana tahadhari, kwa kuwa fuwele ni jina la dutu ambayo atomi zake zimepangwa kwa utaratibu, na somo hili linahitaji maneno yote mawili. Herufi moja isiyoonekana vizuri na mhariri inaweza kubadili maana ya ukurasa mzima. Suluhisho la muda ni kufungamanisha fumwele na kitenzi cha kufuma pale inapofasiliwa mara ya kwanza, na kuandika nyuzijoto kwa vipimo.

Jina la tatu ni kuimarisha. Tukisema kauri iliyoimarishwa kwa fumwele tunaingiza picha ya nondo, nayo, kama tulivyoona, inapotosha. Linalotafutwa hasa ni ustahimilivu wa ufa. Nimependelea kusema kauri yenye fumwele na kuliacha lengo lielezwe kwa sentensi.

Jina la nne ndilo lililotuleta hapa. Hatua ya kwanza, kusafiri, inaweza kubaki na jina la elektroforesisi, mkopo ambao umekwisha kuzoeleka katika biolojia. Hatua ya pili ina kitenzi kinachoingoja. Maji yenye tope yakiachwa mtungini, tope hutuama. Verwey na Hamaker waliposema kwamba tabaka kwenye elektrodi linafanana na mashapo, walikuwa wakieleza bila kujua maana ya kitenzi chetu. Napendekeza, kwa hiyo, utuamishaji wa kielektroforesisi. Jina hilo ni refu kuliko uchovyaji, lakini linabeba hatua zote mbili na halimwambii mwanafunzi kwamba kauri huyeyuka.

7. Hitimisho

Kutokana na historia hii ninawasilisha mapendekezo matatu kwa taasisi zinazosimamia istilahi katika nchi zetu. Kwanza, kila dhana ya kiufundi iletwe kikaoni ikiwa na maelezo mafupi ya historia yake: nani aliona nini, na swali gani lilijibiwa lini. Nusu ukurasa ungetosha kuzuia uamuzi niliousimulia mwanzoni. Pili, hakuna istilahi iidhinishwe kabla ya kutumiwa katika maandishi kamili ya kurasa kadhaa, kwa kuwa mgongano kama ule wa nyuzi hauonekani katika orodha. Tatu, mtaalamu wa fani akionyesha shaka, shaka yake iandikwe katika kumbukumbu za kikao na ijibiwe kabla ya neno kupita, hata kama muda umekwisha.

Gharama ya kutofanya hivyo si aibu ya wanaisimu peke yao. Mwanafunzi atakayesoma kwamba kauri huchovywa kama mkufu atatafuta kimumunyisho badala ya kuishughulikia chaji ya chembe, na jaribio lake litashindwa. Atahitimisha kwamba Kiswahili hakiwezi sayansi, ilhali kilichoshindwa ni neno moja lililochaguliwa kwa haraka na watu waliokuwa na uwezo wa kuuliza. Mhandisi yule alisema, "Si hivyo hasa." Kazi yetu ilikuwa kumuuliza: ni vipi, basi?